Bi Zita na Wachezaji Walioazimwa

Tarehe 30 Juni, 2025, Bi Zita Ndunguru, Afisa Utamaduni wetu, anastaafu utumishi wa umma baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne. Kamati ya sherehe ilinipa mimi, Goodluck Mshana, msaidizi wake kwa miaka minane, kazi ya kuandika wasifu huu. Niliomba wiki moja. Sasa ni wiki ya tatu na bado kuna mambo sijayaelewa, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Yaliyo wazi ni haya. Bi Zita alizaliwa Mbinga, kwa wakulima wa kahawa, Mmatengo kwa baba na kwa mama. Aliajiriwa Februari 1993 huko huko Mbinga. Wilaya ilipogawanywa akashushwa huku ziwani, na jalada lake nalo likagawanywa, nusu likabaki juu na nusu likaja naye. Nusu tuliyonayo nimeisoma mara mbili. Inaonyesha amekwenda likizo mara tano na kurudi mara tatu.

Kazi iliyompa jina ni Siku ya Ngoma, aliyoianzisha mwaka 1998 na kuifanya kila Septemba. Wamatengo huja na mganda, Wangoni na lizombe, akina mama wa Kinyasa na kioda, Wampoto na ngoma zao. Mwaka wa kwanza kulikuwa pia na Kundi la Wageni: walimu, wauguzi, maafisa na wenye maduka waliotoka pwani. Waliingia uwanjani watu kumi na wanne wa makabila kumi na moja, na kila mmoja akacheza ya kwao, wote kwa wakati mmoja. Waliokuwepo wanasema hata mbuzi walikimbia. Bi Zita alilivunja kundi lile jioni hiyo hiyo na kuanzisha utaratibu wa kuazima.

Utaratibu wenyewe ni rahisi, angalau kwenye daftari. Kundi likipungukiwa na mchezaji linamwandikia Bi Zita barua, naye anawatafutia mtu miongoni mwa wageni au kwenye kundi jingine. Aliyeazimwa anakula jikoni kwa kundi hilo mwezi mzima, anafundishwa nyimbo na hatua, anacheza, kisha anarudishwa. Daftari lina safu ya "Amerudishwa". Safu hiyo ni tupu kuanzia mwaka 1999 hadi leo. Nilipomuuliza sababu, Bi Zita alinijibu kwamba hakuna aliyelalamika.

Basi mwaka jana, mwezi Agosti, ikaja barua kutoka mkoani. Kila kundi la ngoma ya asili lilitakiwa kujaza fomu yenye wachezaji wasiopungua kumi na wawili wa kabila husika, na Afisa Utamaduni athibitishe kwa sahihi yake. Kundi lisilo na fomu lisingeruhusiwa kucheza hadharani. Tulipewa siku kumi. Siku ya Ngoma ya Septemba hiyo ndiyo ingekuwa ya mwisho kwa Bi Zita akiwa kazini, na wakati huo mwenyewe alikuwa Songea kwenye semina. Nikapanda pikipiki.

Nilianzia Liparamba, kwa Wangoni. Kiongozi wao wa lizombe ni Masoudi, mwenye duka la vitambaa, ambaye babu yake alitoka Lindi. Kingoni chake wazee wenyewe wanakisifu. Nilimuuliza kabila lake, naye akaniuliza kwa upole kama nauliza la dukani au la ngomani. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena.

Nikashuka Liuli kwa akina mama wa kioda, nikitumaini huko mambo yatakuwa mepesi. Weee! Mwimbishaji wao ni Safina, muuguzi kutoka Tanga. Nikaenda kumpa shikamoo Bibi Notburga, kiongozi wa kundi, mama wa miaka themanini na ushee ambaye kila mtu anamwita Mnyasa. Akaniambia yeye ni Mmpoto, aliazimwa mwaka 1999, na kama nimekuja kumrudisha basi nile kwanza samaki, mbasa aliyekwisha kunipakulia, kisha niende zangu. Nilikula, nikaenda zangu.

Kwa jumla nilikuta wachezaji sitini na mmoja. Kundi lililokuwa na wengi zaidi wa kabila lake lilikuwa na saba. Nikijaza ukweli, hakuna kundi hata moja litakalocheza. Nikijaza uongo, Bi Zita atatia sahihi uongo katika mwaka wake wa mwisho. Nilijaribu kuwapanga upya kwenye karatasi, kila mtu kwao. Nikapata kundi la Wapare lenye mtu mmoja, ambaye ni mimi, kwa maana nami niliazimwa.

Hapo, Mungu anisamehe, nikafanya uamuzi. Niliandika tangazo kwamba mwaka huu kila mchezaji arudi kwenye kabila lake, na mazoezi ya pamoja yafanyike Lipingo siku ya Jumamosi. Watu walitii, nami hadi leo nashangaa kwa nini walinitii. Masoudi alisimama kwenye kona na watu watatu wa pwani ambao hawajawahi kucheza pamoja hata siku moja. Wangoni walipiga ngoma, kisha wakanyamaza, kwa sababu anayeanzisha nyimbo alikuwa kwenye kona. Akina mama wa kioda walikaa chini, wakasema bila Safina hawanyanyuki. Bibi Notburga alikuwa anatembea kutoka kundi hadi kundi akiuliza wamemweka wapi.

Ndipo gari la ofisi likaingia, na Bi Zita akashuka. Alitazama uwanja, kona kwa kona. Nilipomweleza nilichofanya aliniita mwanangu, neno ambalo hulitumia akiwa amekasirika sana. Kisha akawaambia watu wote kwamba hatatia sahihi jambo lisilo la kweli, na hatamtoa mtu yeyote kwenye kundi lake. Kama Siku ya Ngoma itakufa, alisema, basi ife ikiwa na watu wake wote. Miaka minane nimefanya kazi naye na sijawahi kumsikia akisema hivyo.

Aliomba fomu mpya. Safu ya kabila akaiacha wazi. Akawaita wazee wa kila kundi, na kila mzee akaweka dole gumba mbele ya jina la kila mtu aliyelelewa na kundi lake. Chini yake Bi Zita akaandika kwa mkono wake: "Hawa wamekula kwetu, tumewafundisha, nao ni wetu." Akatia sahihi na muhuri.

Tulidhani tumemaliza. Bibi Notburga akaomba orodha zote zisomwe kwa sauti. Nikazisoma, majina sitini na moja. Akauliza Zita yuko wapi. Nikatafuta. Hakuwemo. Miaka ishirini na sita mama huyu ameandika majina ya watu kwenye orodha hizi, na lake halikuwa popote, hata kwa Wamatengo wenzake. Alikuwa akisimama pembeni na filimbi, na jamani, hakuna aliyewahi kuliona hilo. Bibi Notburga aliniamuru niandike Zita kwenye orodha ya kioda, akapaka wino kidoleni, akabonyeza. Bi Zita alilia mbele ya watu wote bila kujificha. Nami nililia. Msiniulize kwa nini.

Kibali kilifika siku moja kabla ya sherehe. Hakikusema lolote kuhusu safu iliyoachwa wazi. Sijui aliyezisoma fomu zile ni nani, wala kama alizisoma.

Siku yenyewe Bi Zita aliingia uwanjani na gauni jeupe kama wenzake, na hapo ndipo sisi wafanyakazi wenzake tulipogundua jambo. Wote walianza na mguu wa kulia, yeye wa kushoto. Wote waligeukia ziwani, yeye akatugeukia sisi. Safina alimshika mkono, akamgeuza, akamgeuza tena. Afisa Utamaduni wetu wa miaka thelathini na miwili hajui kucheza ngoma hata moja. Na sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na furaha kiasi kile.

Ndugu zake wa Mbinga wamekwisha kumwandalia nyumba, lakini kamati ya usafiri imeelekezwa kwamba lori la mizigo liende Liuli. Niliuliza mara mbili, nikajibiwa hivyo hivyo mara mbili.

Bi Zita, asante kwa kazi yako, na asante kwa kunisamehe lile tangazo. Sisi sote uliotuandika tunakuombea afya na miaka mingi ya raha. Bibi Notburga ameniagiza niongeze kwamba mazoezi ni kila Jumamosi saa tisa alasiri, usichelewe, na kwamba mguu wa kwanza ni wa kulia.