Mwalimu Bernadeta Nikolao, Aliyerudi Kukaa Darasa la Nne

Ndugu waombolezaji, majirani wa Makote na wageni mliopanda kutoka Masasi, poleni na asanteni. Marehemu aliagiza wasifu wake usitiwe sukari. Mdogo wake Amon, aliyepewa kazi ya kuusoma, ameona heri amtii leo kuliko kwenda kujieleza kwake baadaye.

Mwalimu Bernadeta Nikolao alizaliwa tarehe 14 Mei 1965 kijijini Chiwata, wilaya ya Masasi, mtoto wa tatu wa Mzee Nikolao na Mama Cecilia, wakulima wa korosho na mihogo. Alikuwa na maneno mengi tangu utotoni. Baba yake alisema Bernadeta akitumwa chumvi hurudi na habari za kijiji kizima, na chumvi ameisahau dukani.

Alimaliza darasa la saba hapo hapo Chiwata mwaka 1979, akasoma sekondari Masasi, kisha akahitimu ualimu mwaka 1986. Aliajiriwa Januari 1987 na kufundisha shule tatu za wilaya ya Newala. Makote ndiko alikokuwa mwalimu mkuu hadi alipostaafu Mei 2025. Wengi mliobeba jeneza hili ndiye aliyewafundisha kushika penseli. Wengine aliwachapa pia, na mmekuja.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na Edson Chilumba, fundi seremala, wakajaliwa Charles na Helena. Edson alitangulia mwaka 2014. Charles alipokwenda kufanya biashara Masasi, alimwacha binti yake Brigita kwa bibi. Katika vikao vya shule marehemu aliwasema sana wazazi wanaolea watoto kwa simu na kuwatupia mabibi, na akishuka jukwaani alikwenda kumpikia mjukuu uji.

Februari 2025 aliitisha kikao kueleza mpango mpya: darasa la saba linaondoka, elimu ya msingi inakuwa miaka sita, na mtoto anaendelea moja kwa moja na sekondari. Wazazi walinung'unika. Ili kuwatuliza akasema, "Msihofu, hawa wa la nne watamaliza mapema."

Huku kwetu ikisemwa mtoto amemaliza, basi shule imekwisha. Kinachofuata kwa msichana ni unyago, na akishachezwa ni mtu mzima. Mwalimu alizaliwa huku, alilijua hilo, ila siku ile alilisahau kama ile chumvi. Aliendelea kueleza habari za sekondari, lakini mzazi mmoja alikuwa ameshairekodi sentensi ile peke yake na kuirusha kwenye kikundi cha WhatsApp. Ikafika mpaka Masasi.

Likizo ya Juni Brigita alikwenda kwa baba yake. Baada ya wiki kadhaa Charles akapiga simu.

"Shikamoo mama. Kesho tunawatoa wali wa unyago huku Chiwata. Njoo umtunze mjukuu wako."

"Mjukuu yupi?"

"Brigita. Si umesema mwenyewe wanamaliza mapema? Sauti yako ninayo humu kwenye simu."

Brigita alikuwa na miaka kumi. Ya unyagoni si ya mwanamume kuyasoma makaburini. Yatosha kusema kwamba marehemu alikaa chini sakafuni na aibu ikamshika. Hakumlaumu mtu. Alisema ulimi hauna mfupa, na huu ulikuwa wake.

Shule zilipofunguliwa, Brigita alirudi kwa bibi lakini hakutoka ndani. "Bibi, mimi nimeshakuwa mtu mzima. Nikikaa na watoto watanicheka." Hapa Makote pia wenzake kadhaa walikuwa wamechezwa na kubaki majumbani. Mwalimu akaenda nyumba hadi nyumba, yeye aliyezoea kuwaita wazazi ofisini, sasa anasimama barazani kwao: "Nilisema vibaya. Nisameheni."

Mama Ashraf, jirani yake, alimjibu bila kumficha: "Mwalimu, wewe umesema vibaya, sisi tumeshacheza. Ngoma hairudi kinyumenyume."

Ndipo akafanya jambo lililotutia aibu sisi nduguze. Siku ya pili alivaa kitenge chake cha kikao, akamshika Brigita mkono, akaenda kukaa naye dawati moja, darasa la nne, magoti yakigonga mbao. Vijana wa bodaboda wakapiga kelele, "Mwalimu karudishwa darasa!" Tulimsihi aache kujidhalilisha. Akasema, "Acheni wanicheke mimi. Wakinicheka mimi, yeye atasoma." Alikaa pale mpaka upimaji wa darasa la nne. Wasichana wengine wakaanza kurudi mmoja mmoja, lakini wawili hawakurudi mpaka leo. Hao aliwataja kila jioni katika sala zake, na hakukubali kamwe kuambiwa kwamba yamekwisha.

Januari mwaka huu shinikizo la damu lilimzidi, akalazwa Masasi. Alipoona hapati nafuu aliomba arudishwe nyumbani. Jumanne, tarehe 17 Machi 2026, pumzi zilianza kumpungukia. Charles akasimama kwenda kumchukua Brigita shuleni.

"Usimtoe darasani," marehemu alisema. "Nimeshamtoa mara moja."

Charles akaketi tena. Mama yake alifariki saa nne na nusu asubuhi.

Marehemu ameacha watoto wawili, Charles na Helena, mkwe mmoja Loyce, mke wa Charles, mdogo wake Amon, na mjukuu Brigita, aliye darasa la tano.

Mmekaa juani tangu asubuhi na wengine mmeuliza kwa nini mazishi yamepangwa saa tisa. Ni Brigita. Jana usiku alimwambia baba yake kwamba leo wana vipindi mpaka saa nane, na kwamba bibi asizikwe kabla hajatoka. Charles hakuweza kumkatalia wala kumtazama usoni. Mtuwie radhi. Yule anayekuja na sare pale njiani ndiye tuliyekuwa tukimngoja.

Dada, mjukuu wako amefika. Pumzika sasa kwa amani.