Mtoto Aliyebadilishwa Nyuma ya Kioo

Sihaba ndiye aliyemwambia Rebeka kwanza. Walikuwa bombani Jumatano asubuhi, kila mmoja na ndoo zake mbili. Sihaba akashusha sauti kama mtu anayetaja ugonjwa wa mwenzake, akasema siku hizi ukipeleka mtoto kliniki usikubali aingizwe nyuma ya pazia. Nesi anampokea mtoto wako vizuri, anaingia naye ndani, na anayetoka siye aliyeingia. Mama mmoja amelia hadi kaanguka sakafuni, daktari kasimama tu anamtazama.

"Wewe umeona?" Rebeka aliuliza.

"Mimi wapi. Kijiweni kwa Makame ndio wameona, kwa macho yao. Na wale si watoto."

Rebeka alimtoa Suzana mgongoni akamtazama masikio, ya kulia na ya kushoto, kama vile hajawahi kuyaona. Suzana alikuwa na miezi tisa. Kesho yake, Alhamisi, ndiyo ilikuwa siku yake ya sindano ya surua, na zahanati ya mtaa ilikuwa ikiitoa mara moja tu kwa mwezi. Nyumba ya tatu kutoka kwao, mjukuu wa mzee Kashindye alikuwa na siku ya tano kitandani, macho yamevimba, mwili mzima vipele, dirisha limefunikwa kanga.

Mumewe, Venant, alirudi mchana kutoka kiwandani anakokata minofu ya sangara. Naye alikuwa ameyasikia getini.

"Ngoja mwezi ujao," alisema. "Watu wazima watatu wa pale kijiweni hawawezi kuona kitu ambacho hakipo. Wao wakisema siyo, mpeleke."

Rebeka hakubisha. Katika miaka miwili ya ndoa hakuwa amebishana na yeyote ila jogoo wa jirani. Lakini alipomaliza kuosha vyombo alilichukua gauni la Suzana lililofumuka mkono, akambeba mtoto, akatoka.

Duka la Makame lilikuwa pale Nyakato ambapo njia ya viwandani inatokea barabara ya Musoma. Tangu biashara zilipofunguliwa, Makame aliuza redio, friji na televisheni, na juu ya bati alisimika ungo wa kunasa picha, mkubwa kiasi cha kuku kumi na wawili kulala ndani yake. Nyuma ya kioo cha mbele aliweka televisheni moja iliyowashwa mchana kutwa, ili wapita njia watamani. Kioo chenyewe hakikufunguka, kwa sababu ya vumbi, kwa hiyo waliokuwa nje walipata picha bila sauti. Chini ya kioo hicho kulikuwa na benchi, na kazi ya benchi ilikuwa ni kuweka sauti. Pale alikaa mzee Chenge, tarishi mstaafu wa mahakama, ambaye wote walimwita Hakimu. Ubavuni mwake alikaa Yeremia, aliyeitwa Fulana, maana tangu kampeni zianze hakuna chama kilichogawa fulana mjini akakosa yake. Hatua mbili kutoka hapo ilikuwa cherehani ya Muharami, fundi nguo, aliyeitwa Antena kwa jinsi alivyorefusha shingo kuelekea kioo huku sindano ikishona peke yake. Ngosha, muuza kahawa wa kijiwe, alikuwa akiwamiminia.

"Shikamooni," Rebeka alisema.

"Marahaba, mama Suzana."

Antena alilipokea gauni, akalilaza juu ya cherehani, na hakulitazama tena. Nyuma ya kioo wanaume wawili wa kaptula nyeupe walikuwa wakipigiana kampira juu ya wavu. Mtu mmoja alikaa kwenye kiti kirefu kama ngazi.

Hakimu: Tulieni sasa. Shauri limeanza.

Fulana: Shauri la wapi, mzee? Hiyo si tenisi?

Hakimu: Yeremia, mimi nimepeleka hati za kuitwa shaurini miaka ishirini na sita. Mtu akikaa juu peke yake, wengine wote wakawa chini, na hakuna anayecheka, hilo ni shauri.

Fulana: Na zile raketi?

Hakimu: Vielelezo. Kila upande umekuja na chake.

Fulana: Haya. Na wale wanaogeuza shingo, kulia, kushoto, kulia?

Hakimu: Wazee wa baraza. Akisema huyu wanamgeukia huyu, akijibu yule wanamgeukia yule. Mwisho wanakubaliana na aliye juu.

Antena: Mimi nyuso hizi nazifahamu. Si ndio wanaume wawili wa jana?

Fulana: Wa nani?

Antena: Wa yule mwanamke wa hospitalini, bwana. Huyu mwembamba ndiye mume wa ndoa. Yule mwenye kitambaa kichwani ndiye mwenye mtoto.

Hakimu: Basi shauri ni la malezi.

Fulana: Na mpira je?

Antena alifikiri kidogo, mguu ukiwa umesimama kwenye pedali.

Antena: Mpira ndiye mtoto mwenyewe. Huoni? Anapelekwa kwa baba huyu, anarudishwa. Anapelekwa kwa yule, anarudishwa. Hakuna anayemtaka.

Hakimu: Na atakayeshindwa kumrudisha ndiye anayebaki naye. Hiyo ni sheria kabisa.

Ngosha: Mtoto gani anapigwa hivyo, jamani.

Hakimu: Ngosha, wewe mimina.

Rebeka alimpapasa Suzana mgongoni. Alitaka kuuliza, akasogea hatua moja karibu na benchi. Ndani ya duka mteja alikuwa akionyeshwa jinsi rimoti inavyofanya kazi. Makame akabonyeza. Wale wa kaptula wakatoweka, akatokea mwanamke kitandani, daktari pembeni yake, na nesi aliyeshika kichanga.

Antena: Ahaa. Si niliwaambia? Mahakama imemfuata mama kitandani.

Hakimu: Inaruhusiwa. Mgonjwa husikilizwa alipo.

Antena: Mwangalieni nesi. Mtoto ana shuka la bluu. Anaondoka naye. Pazia lile. Sasa ngojeni. Haya, anatoka, shuka jeupe. Mmeona au hamjaona?

Fulana: Nimeona. Wala sishangai. Mnadhani ni watoto tu? Mwezi wa kumi sanduku la kura litaingia nyuma ya pazia hivyo hivyo, na litakalotoka siyo lile.

Hakimu: Mbona wewe mwenyewe umeshabadilishwa mara tatu tangu Julai? Juu kofia ya hawa, chini fulana ya wale.

Fulana: Mimi nachunguza sera, mzee. Huwezi kuchunguza sera ya mtu bila kuvaa fulana yake.

Hakimu: Na kesho?

Fulana: Kesho kuna wale wapya. Nasikia wao wanatoa na kanga.

Rebeka naye alikuwa akitazama. Mwanamke wa kitandani alikuwa amepaka rangi ya mdomo. Nywele zake zilikuwa zimetengenezwa kama za bibi harusi, na nesi alivaa viatu vya visigino virefu. Rebeka alitafuta chini ya kile kitanda, hakuona beseni. Hakukuwa na kanga, hakukuwa na chupa ya chai, hakukuwa na shangazi. Yeye alipojifungua walikuwa wawili kitanda kimoja, na alikuja na beseni, wembe, uzi na mafuta ya taa ya kandili. Alijiuliza yule mama alikubaliwaje kuingia mikono mitupu.

Makame akabonyeza tena. Sasa lilikuwa jumba kubwa lenye viti vya ngazi ngazi, wanaume wa suti wamejaa.

Fulana: Bunge hilo. Ila la nchi gani?

Antena: Yule wa mbele amelala.

Fulana: Basi ni la hapa.

Hakimu: Wanamjadili nesi. Lazima. Jambo kubwa kama lile haliwezi kuachwa wodini.

Antena: Wale wawili wameshikana mashati.

Hakimu: Mmoja anasema kliniki zifungwe, mwenzake anakataa.

Fulana: Hazifungwi, mzee, zinauzwa. Nyinyi hamsomi alama. Viwanda vinauzwa, benki zinauzwa, kliniki zitabaki za nini? Sasa mwekezaji hawezi kununua kliniki tupu. Anataka aikute na watoto wake. Ndiyo maana wanawapima kilo. Wazito wanabaki kwa mwekezaji, wepesi wanarudishwa nyumbani.

Hata Antena alikuwa hajafika huko.

Hakimu: Kilo ngapi?

Fulana: Kuanzia nane.

Suzana alikuwa na nane na robo. Rebeka aliijua hiyo namba, ilikuwa kwenye kadi, ameisoma mwenyewe. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na makarai ya dagaa kichwani, kila mmoja na mtoto mgongoni, walikuwa wamesimama kusikiliza. Mmoja alirudia kwa sauti ya chini, "Kuanzia nane." Wakatazamana, wakaenda zao upesi, na Rebeka akaona habari inavyoondoka kijiweni kwa miguu. Kabla ya jua kuzama itakuwa bombani.

"Mzee Chenge," alisema.

Hakuna aliyesikia.

"Samahani, mzee."

Shingo zote tatu zikageuka kwa pamoja. Rebeka akatamani arudi nyumbani. Lakini kesho ilikuwa Alhamisi.

"Yule mama wa kitandani, alisema nini?"

Antena: Yule? Amebadilishiwa mtoto, mama Suzana. Hukuona?

"Niliona. Nauliza alisema nini. Ni nani kati yenu aliyemsikia?"

Antena alitazama kioo. Fulana alitazama ndani ya kikombe. Hakimu alisafisha koo kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri karani amletee jalada.

Hakimu: Ilieleweka.

"Ndiyo, mzee. Ila nani alisikia?"

Fulana: Makame ndiye mwenye sauti. Yeye yuko ndani.

Antena akagonga kioo kwa kipimio chake cha mbao. Makame alijitokeza mlangoni, rimoti mkononi.

Antena: Makame, hebu tusaidie. Yule mwanamke wa hospitali huwa analia nini?

Makame: Mwanamke yupi?

Antena: Wa kwenye televisheni, bwana. Wa kila siku alasiri.

Makame: Nitajuaje? Sauti nimeizima tangu mwezi wa pili, inaniumiza kichwa. Mimi nasikiliza taarabu yangu.

Akarudi ndani. Ngosha akatikisa birika kupima kilichobaki.

"Basi mzee," Rebeka alisema, "naomba umwambie mume wangu hivyo. Kwamba hamkusikia kitu. Anapita hapa saa kumi na moja na nusu akienda kwa kaka yake. Neno moja tu, ili kesho mtoto apate sindano."

Hakimu: Mama Suzana, hilo sasa ni shauri jingine. Mimi siwezi kukanusha kitu ambacho sikukisema rasmi.

Fulana: Na mimi niko katikati ya kampeni.

"Na wewe, fundi?"

Antena: Mimi niliona, shemeji. Niseme sikuona? Watu wataniitaje?

Ngosha aligeuza birika juu chini. Tone moja lilidondoka vumbini.

Ngosha: Imekwisha.

Wakainuka mmoja mmoja, kila mtu akikumbuka pahala alipotakiwa kuwa tangu mchana. Antena alimrudishia Rebeka gauni la mtoto, mkono ukiwa bado umefumuka, akasema litakuwa tayari kesho.

Asubuhi yake Rebeka aliamka kabla ya Venant, akachemsha chai, akamwogesha Suzana, akaichomoa kadi ya kliniki chini ya godoro. Venant alimkuta mlangoni amejifunga kanga ya kubebea.

"Wamesema siyo?"

"Hawajui."

"Hawajui nini?"

"Hawajui lolote, baba Suzana. Nimewauliza."

Venant alibaki na kikombe mkononi. Kabla hajakiweka chini, mkewe alikuwa ameshafika barabarani.

Zahanati, ambayo siku za sindano hujaa hadi chini ya uzio, ilikuwa na kina mama wanne. Nesi mnene aliyevaa kandambili alimpima Suzana, akaandika, akanyoosha mikono ampeleke ndani.

"Naingia naye," Rebeka alisema.

"Ingia basi. Nani amekukataza? Nitapata wa kunishikia."

Nyuma ya pazia kulikuwa na meza, boksi la barafu, na ndoo. Rebeka aliketi, akambana Suzana kifuani, akamshika paja mwenyewe. Suzana alilia kwa kilio kile kile cha usiku wa meno, kikali mwanzo, kisha chenye kikohozi katikati, ambacho hakuna mtoto mwingine Nyakato nzima aliyekuwa nacho.

Alipotoka alikuta kina mama sita nje ya geti, hawaingii, hawaondoki. Sihaba alikuwa miongoni mwao, mtoto wake mgongoni, na mwanamke mmoja wa dagaa. Rebeka angeweza kuinamisha macho na kupita kama alivyozoea. Badala yake alisimama mbele yao, akamtoa Suzana mgongoni akiwa bado anasinasina, akamweka mikononi mwa Sihaba.

"Mtazame vizuri," alisema. "Kisha unipe wako, tuingie wote."