Alama za Celia Nilizifuta Mimi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu mliovaa majoho kwenye joto hili la Shangani, Padri wetu, majirani mliotoka Msimbati tangu alfajiri, na ninyi akina mama mlioko jikoni mnaonisikia nusu nusu kwa kelele za masufuria: hamjambo nyote.

Mimi ni Conceicao, bibi yake Celia, mhitimu wetu wa leo. Darasani sikukaa hata siku moja, kwa hiyo nikikosea, wasomi chekeni kimoyomoyo.

Mnajua mjukuu wangu amesomea nini? Mimi nilidhani mawe. Nikamwambia, "Wee mtoto, miaka yote hiyo mawe, kwani hapa kwetu yamekwisha?" Akacheka. "Bibi, ni fuwele. Ukiipasha moto upande mmoja, wa pili ukabaki baridi, inatoa umeme. Lakini umeme haupiti sawa kila upande. Huku unateleza, huku unakwama." Nikaguna. Akachukua ukuni mbichi, akausogeza motoni. "Angalia povu linatokea wapi." Linatokea nchani, mama zangu, ubavuni hamna kitu! Miaka sitini nachochea moto, sikuwahi kujiuliza. "Ukuni una njia zake ndani," akasema, "na fuwele ina zake." Anayeweza kunielewesha mimi, mwenye kichwa kigumu hivi, huyo si mwalimu ni nani?

Sasa tulieni, maana hili sijalisema mbele za watu.

Likizo moja alikuja na vipande vinne vya fuwele hiyo, vidogo kama dadu, kila kimoja kina nukta nyekundu ya kuonyesha njia ya umeme imelala vipi. Kwetu mtu hasafiri na kitu kichafu. Siku ya kuondoka nikauona wekundu ule, nikadhani ni rangi ya kucha, nikavisugua kwa majivu na makumbi ya nazi mpaka vikang'aa. Nikavifunga kwenye kitambaa, nikajisifu.

Chuoni akatakiwa arudie vipimo vyake vya mwanzo mbele ya mwalimu wake, Daktari Elisha. Anafungua kitambaa, nukta hakuna. Anapima kwa kubahatisha upande, namba mpya zinazikataa za zamani. Daktari akamwambia mbele ya darasa zima, "Zile za kwanza ulizitunga." Akampa wiki tatu: athibitishe, au afunge virago.

Nilipopata habari nilipiga simu nikilia. "Nitaje! Sema ni bibi yako!"

"Bibi, tulia. Vipande nilikabidhiwa mimi."

Mmemsikia? Hakunitaja. Akakaa na vipande vyake, kila kimoja akakipima pande tatu, urefu, upana na kimo, huku moto, huku baridi, anaandika, anageuza, anaanza upya. Pande mbili zikakubaliana, wa tatu ukajitenga. Ndipo akaijua njia ilivyolala bila nukta ya mtu yeyote. Vyote vinne vikasema vile vile, na namba za kwanza zikarudi kama alivyoziandika. Mtoto wa miaka ishirini na tatu! Nani kati yetu, akiitwa mwongo, angeinama kazini badala ya kugombana? Mimi ningegombana.

Daktari Elisha, wewe ni mwalimu mzuri. Ulipoona kweli uliisaini kazi yake, na Celia hajawahi kukutaja kwa ubaya. Lakini ulimshtaki mbele ya darasa zima, ukamsafisha ofisini, mlango umefungwa. Wenzake wako hapa leo. La kwanza walilisikia, la pili hawajalisikia, na wapo wanaonong'ona hadi sasa.

Basi mimi natangulia. Nukta nilizifuta mimi, Conceicao, kwa mkono huu. Celia hakutunga hata namba moja. Nimekiri mbele za watu, na kama mnavyoniona, sijafa.

Celia, mwanangu, simama wakuone.

Nawashukuru kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Kipaza sauti simrudishii mshereheshaji. Nakiweka hapa mezani, karibu na mkono wako, Daktari.