Mstari Mtupu wa Gazeti la Bure

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Leo ni Alhamisi, na kwenye kaunta za maduka hakuna gazeti. Kwa miaka kumi na tisa, kila Alhamisi lilikuwepo. Narudia, miaka kumi na tisa. Mwenye gazeti hilo ametutoka wiki iliyopita, siku ya Jumatano.

Wengi tulimwita Mzee Bure, kwa kuwa gazeti lake halikuuzwa. Unalichukua, unakwenda zako. Watu walimtania kwamba gazeti la bure hata mbuzi hulinusa kwanza. Yeye alijibu kwamba mbuzi wake ni wasomi, hawali mpaka wamalize ukurasa wa michezo.

Magazeti makubwa yaliandika ya wakubwa. Lake liliandika ya bomba lililopasuka, ya nesi aliyeondoka bila kuletwa mwingine, ya mlinzi aliyefukuzwa kazi.

Na lilikuwa na sheria moja. Mkewe, aliyeishia darasa la saba, alikaa kwenye kreti karibu na dirisha la chumba cha mitambo na kusoma gazeti zima kwa sauti kabla halijachapwa. Akikwama, mstari haupiti. Unaandikwa upya, au unakatwa. Waandishi vijana walinung'unika. Mzee aliwaambia, "Huyu akikwama, mtaa mzima umekwama."

Mama huyo ni mtu wa sala na maneno machache. Alisoma polepole, kidole kikifuata maandishi.

Sasa, mwaka wa kumi na nne wa gazeti, mama alifiwa na dada yake. Alisafiri kwenda kuzika. Wiki hiyo hiyo Mzee Bure alipata habari kwamba uchafu wa kiwanda cha ngozi umeingia kwenye kisima cha soko. Aliandika mwenyewe, kwa haraka. Aliogopa kushtakiwa, akaandika kwa maneno ya kiofisi. Aliandika kwamba upo uwezekano wa kuathirika kwa ubora wa chanzo cha maji. Hakuna aliyekaa kwenye kreti. Gazeti likachapwa.

Watu walilisoma. Wakaendelea kuteka maji.

Fundi cherehani wa pale sokoni alimpoteza mjukuu wake, msichana wa miaka mitatu. Baada ya mazishi alikuja ofisini na gazeti mkononi. Mama alikuwa amesharudi safari, na anakumbuka kila neno. Yule bibi hakupiga kelele. Alisema, "Nililisoma, shemeji. Nililisoma lote. Sikujua kwamba unaniambia nisimpe mtoto maji."

Mzee Bure alikaa chini, pale pale sakafuni.

Kesho yake lilitoka toleo la ukurasa mmoja, maandishi makubwa: MSINYWE MAJI YA KISIMA CHA SOKO. YANAUA. TULICHELEWA KUWAAMBIA. Kiwanda kile ndicho kilichokuwa na tangazo la ukurasa wa nyuma, na ndilo lililolibeba gazeti. Kikaliondoa. Wenye maduka nao wakaanza kusita kutangaza, mmoja baada ya mwingine. Kurasa kumi na sita zikawa nane. Nane zikawa nne. Mwishoni ikabaki karatasi moja tu. Waandishi wakatawanyika. Wakabaki watatu: mzee, mkewe na fundi wa mitambo.

Binti yao anasema tangu siku ile baba hakucheka tena sawasawa. Kila Alhamisi alipita kwa yule fundi cherehani, akamwachia gazeti, akaondoka. Hakuwahi kuambiwa kwamba amesamehewa.

Figo zikamwangusha. Jumanne ya mwisho, kitandani hospitalini, alimpa mkewe ukurasa wa kuaga ausome. Mama akasoma kwa sauti, kidole juu ya karatasi. Alisoma vizuri mpaka mstari wa mwisho, uliomhusu yeye. Hapo sauti ikakatika.

"Umekwama," mzee akasema.

"Maneno si magumu, baba watoto. Ni mimi tu."

"Umekwama. Haupiti. Nitauandika upya kesho."

Kesho ilikuwa Jumatano, wasikilizaji. Alfajiri alikuwa ameshaondoka.

Mama alimfumba macho, akasali, kisha akaupeleka ukurasa kwa fundi wa mitambo, maana Alhamisi ilikuwa haijafutwa. Fundi alilia. Akamwambia, "Mama, tuuchape tu huu mstari. Nani atajua?"

"Haujapita," mama akamjibu.

Ndiyo maana toleo lile lina nafasi nyeupe chini kabisa. Wengi mmetupigia simu mkiuliza kama wino uliisha. Wino haukuisha.

Kwa mama, kwa binti na kwa fundi wa mitambo, tunasema poleni sana. Mungu awashike, maana sisi hatuna cha kuwashikia. Kwa bibi wa cherehani pia, pole ambayo hatukukupa wakati ule. Nasi tuliobaki, tujiulize bila kujidanganya: kisima kingine kikiharibika, nani atatuambia kwa maneno tunayoyaelewa? Mimi nimetafuta jibu wiki nzima. Sijalipata.

Binti amemwuliza mama yake mstari ule ulisemaje. Hajamwambia. Mama anasema kila asubuhi, baada ya sala, anakaa dirishani na kujaribu kuusoma kwa sauti. Akiweza kuumaliza, atampelekea fundi auchape.

Leo asubuhi alijaribu. Amekwama.