Ieuan ap Einion, Aliyevuka Bahari na Mtu Mwingine

Ndugu waombolezaji, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi Cadwgon, kaka mkubwa wa marehemu, ili niwaeleze alivyoishi mdogo wangu Ieuan, na nashukuru kwamba kazi hii nimepewa mimi, maana jana pale nyumbani lilitajwa pia jina jingine, na mwenye jina hilo amekaa mstari wa mbele, mnamwona.

Marehemu alizaliwa hapa Llanddwywe, Ardudwy, siku ya Mtakatifu Beuno, tarehe 21 Aprili mwaka 1325, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee wetu Einion na mama yetu Nest. Elimu yake aliipata kwa padri wa kanisa hili, aliyemfundisha sala za Kilatini, na kwangu mimi, niliyemfundisha kuukita mkuki mrefu ardhini na kutulia nyuma yake farasi anapokuja mbio, na hilo naomba likumbukwe, kwa sababu wapo wanaodhani alijifunzia vitani.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1346 tuliitwa kwenye ngome ya Harlech, wachaguliwe watu wa mikuki watakaovushwa kwenda Ufaransa, tukasimama bega kwa bega, na ofisa aliyekuwa akichagua akanitazama mimi juu hadi chini, akamtazama na mdogo wangu, kisha akasema, "Huyu mkubwa abaki na ng'ombe wa baba yake, huyu mwembamba hatajaza meli." Ieuan akapewa kanzu fupi na kofia, nusu kijani nusu nyeupe, kitambaa kizuri ambacho mimi sijawahi kuvaa mfano wake, akaniambia, "Kaka, ikinibana nitakuletea." Haikumbana.

Waliochaguliwa walitembea hadi bandari ya Portsmouth, wakakaa majuma mengi wakingoja upepo, na huko ndiko alikokutana na Tegwared wa Trawsfynydd, mshika mkuki kama yeye, mtu ambaye kwao ni ng'ambo tu ya mlima wetu, mwendo wa asubuhi moja, ila ilibidi wapelekwe hadi mwisho wa Uingereza ndipo wajuane. Meli yao ilikuwa ya kubebea divai, mafundi wakaigawa chini kwa vizuizi vya fito zilizosukwa, farasi wa mabwana wakafungwa humo, na watu wa mikuki wakapangwa kulala penye nafasi, yaani karibu na kwato. Bahari ilipochafuka, kizuizi kimoja kilivunjika, farasi akaanguka upande aliolala mdogo wangu, Tegwared akamkamata Ieuan mkanda na kumvuta, naye mwenyewe akapondwa mkono wa kushoto. Kisa hiki nimekisikia harusini, wakati wa mavuno na wakati wa kukata manyoya ya kondoo, na kila mwaka wimbi lile limeongezeka urefu. Siku moja niliuliza, nikitaka nami niwemo katika mazungumzo, kama wale farasi walitapika sana. "Farasi hatapiki, kaka," Ieuan akanijibu, "sisi ndio tuliotapika kwa niaba yao," wakacheka wote wawili mpaka machozi, mimi nimesimama na jagi la bia mkononi.

Walishushwa pwani ya Normandi mwezi Julai, wakapigana, wakarudi mwaka uliofuata wakiwa hai, namshukuru Mungu kwa hilo.

Tarehe 12 Mei 1348 alifunga ndoa kanisani Trawsfynydd na Tangwystl, dada wa Tegwared, mke mwema, simlaumu kwa chochote. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza akaitwa Tegwared, wa pili Morfudd, wa tatu Einion kwa heshima ya baba, na jina langu akampa ng'ombe dume wa kulimia, akaniambia nisikasirike, kwani hakuna aliyevuta kama yeye. Mwaka 1349 tauni iliwachukua wazazi wetu wote, tukabaki wawili, nikadhani sasa atakuwa wangu, lakini kila Jumapili baada ya misa alishika njia ya mlimani kwenda kwa Tegwared.

Alianza kuumwa kifua Novemba iliyopita. Nilimlisha mimi, nilimgeuza mimi, na juzi asubuhi akafumbua macho akauliza, "Tegwared yuko wapi?" Nikamwambia, "Mimi ndiye niko hapa." Akasema, "Najua, kaka. Wewe upo siku zote. Ndiyo maana namuulizia yule." Tegwared akafika, wakanong'onezana mambo ya meli, nami nikatumwa maji. Alikata roho siku hiyohiyo, tarehe 3 Februari 1371, baada ya sikukuu ya Mishumaa.

Tukiwa tunamwosha, Tegwared akaniambia, "Mzee Cadwgon, kule Portsmouth huyu alitusumbua. Kutwa nzima kaka yangu hivi, kaka yangu vile, kaka angeushika mkuki namna hii. Mimi sina kaka. Nilikuchukia kabla sijakuona." Nilimwomba arudie maneno hayo mbele ya mke wangu, akayarudia, kisha nikamwomba tena, akayarudia.

Familia inamshukuru mama Gwladus kwa dawa zake za majani, padri wetu, majirani walioleta mikate ya shayiri na siagi, na wazee wote waliovushwa pamoja naye, waliokuja kwa miguu kwenye theluji hii. Jeneza litabebwa na watoto wake, mbele nitashika mimi upande wa kulia, na upande wa kushoto, kwa kuwa mtu lazima awepo, atashika Tegwared.

Lala salama, mdogo wangu, hapa hapayumbi.