Kutua kwa Mwisho kwa Kapteni Dethier

Baada ya mashauriano ya kina, Kurugenzi ya Condroz Fret, kampuni ya ndege za mizigo ya Liège, inayo heshima kuwaarifu wafanyakazi wote kwamba rafu ya juu ya friji, katika chumba cha mapumziko cha marubani, iko wazi kuanzia tarehe 11 Februari. Jibini la Herve lililokaa hapo, lile lenye harufu kali, limeondolewa na mwenyewe. Wanaoitaka rafu hiyo wajiandikishe kwa kufuata ukongwe kazini, kama ilivyo desturi yetu katika kila jambo. Madirisha yatabaki wazi hadi mwisho wa mwezi.

Mwenye jibini ni Kapteni Ghislain Dethier, aliyestaafu siku hiyohiyo kwa kutimiza miaka sitini na mitano, baada ya kuitumikia kampuni miaka thelathini na mmoja. Sheria hairuhusu rubani wa ndege za biashara kushika usukani hata dakika moja akishafika umri huo. Dakika moja kabla ya saa sita usiku ni mzima wa afya, mwenye akili timamu, anaaminiwa kubeba tani mia moja za mzigo. Dakika inayofuata ni abiria.

Alianza mwaka 1995 akiwa rubani msaidizi namba hamsini na nane, yaani wa mwisho kabisa kwenye orodha iliyobandikwa karibu na mashine ya kahawa. Kwetu mtu hapandi kwa ustadi wala kwa sura. Hupanda pale aliye juu yake anapostaafu, anapougua, au anapochukuliwa na kampuni za abiria. Ndiyo maana marubani wetu huzijua siku za kuzaliwa za wakubwa wao kuliko za wake zao. Dethier ameondoka akiwa namba moja. Keki ya kumuaga ililiwa na marubani thelathini na tisa, na kila mmoja wao alikuwa amepanda ngazi moja asubuhi hiyo. Huzuni ilikuwepo, ila ilikuwa na hamu ya kula.

Amerusha maua, farasi wa mashindano, vipuri vya magari na, safari moja, pengwini arobaini waliokuwa watulivu kuliko wajumbe wa bodi. Hakuwahi kuharibu mzigo. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kula chakula kimoja na mtu aliyekaa naye, kwa sababu kapteni na msaidizi wake hupewa vyakula tofauti, mmoja akidhurika mwingine abaki wa kutua. Kwa hiyo mwenzako akisema leo kuku mtamu, unamwamini tu.

Nyumbani kwake Bressoux, mtaa wa Liège, alikuwa mpangaji asiyesumbua. Alisumbua kidogo mno, kwani mizigo husafiri usiku naye alilala mchana. Mama Lambrechts wa ghorofa ya juu aliamini kwa miaka sita kwamba nyumba ile haina mtu, akamwahidi mpwa wake. Siku moja saa nane mchana mwenye jengo aliwafungulia waione, wakamkuta Kapteni kitandani, kitambaa cheusi machoni.

“Samahani, bwana. Wewe ni nani?” aliuliza Mama Lambrechts.

“Mpangaji.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwaka 2009, mama. Karibuni. Jiko liko kushoto, bomba lina kelele kidogo.”

Mpwa aliipenda nyumba. Kapteni anasema ndio wageni wa mwisho aliowapata kabla ya fundi wa bomba.

Mwaka jana kampuni ilipotafuta marubani sita, barua mia mbili na kumi na nne zilifika, naye akawekwa kwenye meza ya usaili. Bwana Colson, aliyekuwa akirusha ndege ndogo za abiria, alimuuliza kama kazi hii ina mustakabali.

“Ipo, na itakuwepo,” alijibu Dethier. “Watu hawataacha kununua vitu. Ninayemtilia shaka ni wewe.”

“Mimi usiku haunisumbui, Kapteni.”

“Usiku haumsumbui mtu. Shida ni mchana. Unaamka saa tisa, umeoga, umenyoa, unataka kuongea na mtu, na watu wote wako kazini.”

Colson alicheka, akaajiriwa. Siku hizi ndiye anayeongea sana na dada wa duka la mikate, hata foleni inalalamika.

Katika miaka thelathini na mmoja Kapteni aliiomba ofisi ya ratiba kitu kimoja tu. Aurore, binti yake wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi kule Herstal, hajawahi kumwona baba yake akitua, kwa kuwa baba hutua saa ambazo walimu wamelala. Aliomba kutua kwa mwisho kuwe mchana. Akapangiwa safari ya maua ya Nairobi: kuondoka tarehe 10 Februari saa nne asubuhi, kufika Liège saa kumi alasiri, masomo ya siku yakiwa yamekwisha na jua bado lipo.

Mvua ilikata barabara ya mashambani. Lori la mwisho la waridi lilifika uwanjani saa mbili usiku. Kapteni alipiga simu kwetu dawati la uzani, tunaopanga uzito wa ndege na tulioagizwa kuandika tangazo hili, akauliza kama hesabu zinaweza kusaidia.

“Hazisaidii, Kapteni,” tulimwambia. “Ukiondoka sasa, saa sita usiku itakukuta juu ya bahari, na itabidi unyanyuke kitini.”

“Maua yana hali gani?”

“Mazuri.”

“Basi hayo angalau.”

Kisha akampigia Aurore. “Kesho saa tano asubuhi, mwanangu. Lakini si mimi ninayetua. Nitakuwa nyuma, nimekaa.”

“Basi nitakuja kukuona ukitua umekaa, Baba. Nitaomba ruhusa.”

Alfajiri usukani ulishikwa na Kapteni Noor Verhaegen, aliyekuwa Nairobi akisubiri ndege nyingine. Noor alikaa miaka kumi na mmoja upande wa kulia, kwenye kiti cha msaidizi, kando ya marubani kama Dethier, na kiti cha kushoto, cha kapteni, alikipata Novemba. Dethier alipewa kiti cha akiba nyuma yao. Kwenye karatasi ya uzani tulimwandika kilo themanini na nne, pamoja na jibini, ambalo alisafiri nalo.

Noor anasema Dethier hakutoa ushauri hata mmoja njia nzima, na kwamba hilo lilimtia hofu kuliko dhoruba. Walitua saa tano na dakika kumi, jua kali, baridi kali. Kabla ya kufika kwenye uzio, pale wanaposimama watazamaji wa ndege, Noor alipunguza mwendo mpaka wa kutembea.

“Njoo dirishani, Kapteni. Vaa kofia.”

Aliivaa, akainama juu ya bega la Noor. Uzioni walikuwepo watu wanne wenye kamera.

“Yule wa koti jekundu,” alisema. “Ndiye huyo.”

Akapunga mkono. Koti jekundu likapunga pia, kwa mikono yote miwili, na Dethier akaendelea kupunga mpaka uzio ulipoisha.

Kapteni, ahsante kwa mizigo yote iliyofika, na kwa kutuuliza hali zetu kwa redio saa ambazo hakuna mwingine aliyekuwa macho. Tunakuombea usingizi wa usiku, majirani wanaojua kwamba upo, na chakula kilekile anachokula aliye mbele yako.

Ametuagiza tuandike pia jambo la mwisho, lisije likasimuliwa vibaya kwenye mashine ya kahawa. Mwenye koti jekundu alikuwa mstaafu wa posta kutoka Maastricht. Mwalimu mkuu hakutoa ruhusa, na saa tano na dakika kumi Aurore alikuwa Herstal, akifundisha desimali darasa la tano.