Bi Naziha Kammoun, Aliyeufanya Mfupa Ushike

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, Bi Naziha Kammoun, mkuu wa kitengo cha utando katika maabara yetu hapa Sfax, Tunisia, anastaafu. Tulitaka kumwandikia maneno ya utulivu, tukashindwa. Mama huyu hajatulia hata siku moja.

Alianzia kiwanda cha samaki wa mkebe karibu na bandari, akishughulikia utando unaopakwa ndani ya mikebe ili bati lisiharibu chakula. Alipojiunga nasi, tulikuwa tukichapa viunzi vya polima, aina ya plastiki, kwa mashine: vipande vyepesi, vyenye matundu kama sifongo, vya kujaza pengo la mfupa mpaka mfupa wenyewe uote humo na kiunzi kiyeyuke. Vilipendeza sana, ila seli za mfupa hazikushika. Ziliteleza na kufa. "Mnazijengea nyumba isiyo na sakafu," alituambia siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa meza yake.

Sakafu hiyo ikawa kazi yake: kukivika kiunzi utando mwembamba wa madini yaleyale ya mfupa, kwa kukiloweka katika tangi la maji yenye chumvi kama za damu. Hata sikukuu ya Idi alikuja na sahani ya samaki na sharmula, mchuzi mzito wa vitunguu na zabibu, akala amesimama mbele ya tangi. Tukamwambia, "Mama, kaa basi!" Akajibu, "Nikikaa nitaanza kuamini kuwa umeshika."

Kisha akaja Hedia Masmoudi, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekatwa sehemu ya taya kwa sababu ya uvimbe. Kiunzi chake kilikuwa tayari na upasuaji ulikuwa kesho yake. Bi Naziha akachukua kipande pacha, kilichochapwa na kulowekwa pamoja na kile cha mgonjwa, akakipinda kidogo, akakikwaruza kwa ukucha. Utando ukabanduka kama chokaa ya ukuta wa zamani.

"Bi Naziha," alisema Daktari Lotfi Chaker, mpasuaji, "chumba kiko tayari, mgonjwa yuko tayari. Ukucha wako ndio uahirishe upasuaji?"

"Ukucha wangu ni laini kuliko taya linalotafuna, Daktari."

"Kipande cha mgonjwa hujakigusa. Huenda ni kizima."

"Hiyo 'huenda' yako ndiyo inayonitoa jasho."

Upasuaji ukaahirishwa. Hakumtuma mtu, alikwenda hospitali mwenyewe. Hedia alimsikiliza, skafu ikiwa imefunika mdomo.

"Mwaka mzima nafundisha nimejifunika," alisema. "Watoto wananiuliza kama nimewakasirikia. Na wewe unaniambia ningoje?"

"Ndiyo, mwanangu. Nikasirikie mimi."

"Nimeshakukasirikia."

Bi Naziha alirudi maabara macho mekundu, akaenda moja kwa moja kwenye tangi.

Miezi iliyofuata haikuwa mizuri. Polima ilikuwa laini mno, madini hayakuwa na pa kung'ang'ania. Akaanza kuiosha kwanza kwa soda kali ya kuunguza, ikile kiunzi juu juu tu. Ikikaa muda mfupi, utando ulibanduka. Ikizidi, kiunzi kilivunjika mkononi. Tuligombana. Mmoja wetu aliomba kuhamishwa, na hatukumlaumu. Bi Naziha alipinda, akakwaruza, akatikisa, akatupa, akaanza upya, na sote tukaanza kuota vibanzi vya utando usingizini.

Hatimaye utando wa kiunzi kimoja ukashika. Daktari Lotfi akaja na kisu chake cha upasuaji, akakwaruza kwa nguvu. Utando haukutoka.

"Haya, umeshinda."

"Bado. Mfupa ndio utasema."

Hedia akawekewa kiunzi kipya, na mfupa ukasema mwaka uliofuata, kwenye picha ya eksirei: ulikuwa umepita katikati ya matundu, mweupe na mnene. Hedia alikuja maabara bila skafu, mkononi boksi la vitamutamu vya baklawa.

"Bado nina hasira kidogo," alimwambia.

"Haki yako," akajibu Bi Naziha, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mikono.

Baada ya hapo wagonjwa wengine wakafuata, na kila mmoja alimkosesha raha vilevile. Wiki hii tangini mna utando mpya, uliochanganywa na dawa ya kuzuia usaha. Tulimwuliza kama uko tayari. Akavua koti lake jeupe, akalikunja.

"Nimeogopa kwa niaba yenu miaka yote," akasema. "Sasa ogopeni wenyewe."

Alipotoka tu, wawili wetu tukanyoosha mkono kuchukua kipande pacha tukikwaruze.

Asante, Bi Naziha, kwa kila kipande ulichokataa. Tunakutakia afya, mizeituni yenye mavuno mazuri na usingizi mnono. Zamu ya kukesha tumeipokea.